Ugali ukiiva, mtoto ameshalala

Iringa. Saa 2:00 usiku, taarifa ya habari imeanza kwenye televisheni. Maharage yamekuwa jikoni tangu jioni, lakini maji ya ugali ndiyo kwanza yanachemka. Baba ameingia dakika chache zilizopita na wakubwa wanajiandaa kunawa mikono. Kwenye kochi, mtoto wa mwaka mmoja na nusu amelala fofofo, viatu vikiwa bado miguuni.

Hali hii ni ya kawaida katika nyumba nyingi za Manispaa ya Iringa, na kinachofuata kinajulikana. Ama mama anasema, “Mwacheni, atakula kesho,” ama mtoto anaamshwa, analia, anameza matonge mawili na kusinzia tena, la tatu likiwa bado mdomoni.

Hesabu yake ni rahisi. Kama alikula mlo wake wa mwisho saa 8:00 mchana na uji wa asubuhi unapatikana saa 2:00, mtoto huyo amekaa saa 18 bila mlo kamili. Anayenyonya atakuwa amepata maziwa usiku, na hayo yanasaidia sana. Lakini baada ya miezi sita maziwa ya mama peke yake hayatoshelezi mahitaji ya mwili wake.

Kwa Iringa, suala hili lina uzito wa pekee. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa takriban asilimia 57 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani humo wamedumaa, kiwango cha juu kuliko mikoa yote nchini. Wastani wa taifa ulikuwa asilimia 30. Jirani zake Njombe, pamoja na Rukwa, walikuwa karibu na asilimia 50. Na hii ndiyo mikoa inayolisha nchi kwa mahindi, viazi, maharage na sasa parachichi.

Udumavu una sababu nyingi: chakula cha aina moja kila siku, magonjwa ya kuhara, afya ya mama wakati wa ujauzito, kazi nyingi zinazomwondoa mama nyumbani. Hakuna anayeweza kusema kuchelewa kwa mlo wa jioni ndiko kunakodumaza watoto wa Iringa. Hata hivyo, idadi ya milo kwa siku ni miongoni mwa mambo yanayotajwa kila mara, na kati ya milo yote, wa jioni ndio mtoto huukosa kirahisi zaidi huku chakula chenyewe kikiwa tayari kipo ndani ya nyumba.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtoto wa miezi 6 hadi 8 ale milo miwili hadi mitatu kwa siku, na wa miezi 9 hadi 23 ale mitatu hadi minne, pamoja na vitafunwa mara moja au mbili. Sababu ni udogo wa tumbo. Tumbo la mtoto hubeba takriban mililita 30 kwa kila kilo ya uzito wake, kwa hiyo mwenye kilo nane hujaa kwa mililita 240 hivi, kama kikombe kimoja cha chai. Hawezi kufidia asubuhi kile alichokosa usiku. Mtu mzima anaweza, na pengine ndiyo maana wakubwa hawaoni tatizo.

Usingizi nao una hesabu yake. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2019 unasema mtoto wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji kulala saa 11 hadi 14 kwa siku, ukijumlisha usingizi wa mchana, na wa miaka mitatu hadi minne saa 10 hadi 13. Katika nyumba ambako watu huamka saa 12:00 asubuhi kuwahi kazini na shuleni, mtoto mdogo aliyelala saa mbili mchana anapaswa awe usingizini ifikapo saa 3:00 usiku, tena hapo ni kwa kiwango cha chini kabisa. Mlo wa saa 3:00 hauna nafasi katika ratiba hiyo.

Ajabu ni kwamba wanaofanya biashara ya likizo walishaliona hili. Katika meli kubwa za utalii zinazozunguka Caribbean na Mediterania, kampuni nyingi hugawa chakula cha jioni kwa zamu mbili, na familia zenye watoto wadogo huwahi kuomba zamu ya kwanza, ile ya saa 11:30 au saa 12:00 jioni. Wasio na watoto hula baadaye, taratibu. Iringa haina bahari, lakini zamu mbili zinawezekana hata kwenye jiko moja la mkaa.

Kinachokwamisha mara nyingi ni ugali, kwa kuwa husongwa mwisho na huliwa wa moto. Mama akisubiri ugali wa wote, mtoto naye anasubiri. Lakini maharage yaliyochemshwa mchana yanaweza kuchotwa vijiko vichache kabla ya kuungwa kwa pilipili, yakapondwa pamoja na kiazi mviringo na tone la mafuta. Parachichi halihitaji moto kabisa. Yai huiva ndani ya dakika kumi. Na hata ugali wenyewe, sufuria ndogo ya mtoto, laini kidogo, husongwa upesi mno.

Baridi ya Iringa inalazimisha mpangilio. Mji uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kuanzia Juni hadi Agosti hakuna mzazi anayetaka kumwogesha mtoto usiku. Wanaoogesha saa 10:30 jioni, jua likiwa bado lipo, na kumlisha mtoto kati ya saa 11:30 na saa 12:30, huwa wamemaliza kabla au mara tu jua linapozama. Mtoto anabaki na muda wa kucheza, kusafishwa meno na kulala akiwa ameshiba.

Adui mkubwa wa mpango huu ni chai. Mtoto akianza kulia saa 11:00, anapewa chai ya rangi na kipande cha mkate, au biskuti, “ashikilie” mpaka chakula kiive. Anashikilia kweli. Tumbo dogo limejaa, sukari imeua hamu, na ugali ukifika anageuza uso, kisha inasemwa kwamba mtoto huyu hapendi kula. Isitoshe, chai hupunguza uwezo wa mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani. Kilio cha saa 11:00 ni njaa ya chakula, na jibu lake ni kumpa chakula chenyewe wakati huo.

Wapo wazee wasioupenda utaratibu huu. Kwao, mtoto kula peke yake kabla ya baba ni kumdekeza, na chakula ni kukaa pamoja kwenye sinia moja. Hoja hiyo haipaswi kudharauliwa, maana mtoto hujifunza kula kwa kuwaona wengine wakila. Shida ya sinia ni kwamba wakubwa wana mikono mirefu. Hakuna anayejua mdogo amepata matonge mangapi. Akiwa na sahani yake, na mtu mzima ameketi mbele yake bila kushika simu, anayemlisha anaona kiasi kilichoingia na kile kilichobaki. Baadaye, kama bado yuko macho, anaweza kukaribishwa mezani na baba yake aonje tonge moja la ugali wa wakubwa. Heshima ya baba haipungui.

Mpango huu huvurugika zaidi wakati wa safari, hasa Desemba, familia zinapopanda kutoka Dar es Salaam kwenda kusalimia nyumbani. Safari ya karibu kilomita 500, kupitia Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni na Mlima Kitonga, humeza siku nzima. Basi linaposimama kwa chakula, muda ni mfupi na kinachopatikana haraka ni chipsi. Mzazi mwenye ndizi mbivu zisizomenywa, parachichi zima na uji kwenye chupa ya chai ana nafuu kubwa. Chakula kilichopikwa na kupoa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na ndani ya basi la mchana joto huwa kali. Mtoto alishwe gari likiwa limesimama. Karanga nzima na bisi zisipewe watoto wa chini ya miaka mitano, kwani ni rahisi kuwapalia, na kwenye kona za Kitonga hakuna wa kusaidia haraka.

Kufika nako kuna mtihani wake. Wageni wanashuka stendi ya Igumbilo saa 1:00 usiku, wanafika nyumbani, kamwene na shikamoo zinapokelewa, na ndipo jogoo anakamatwa kwa heshima yao. Kuku huyo wa kienyeji ataiva saa 4:00. Mkwe aliyeingia na mtoto mgongoni hawezi kusimama na kuuliza chakula kiko wapi. Ataonekana ana majivuno ya mjini. Wenye uzoefu humwachia mume jambo hili. Yeye ndiye anayempigia mama yake simu mapema, basi likiwa bado Mikumi: “Mama, shikamoo. Mjukuu wako akifika atakuwa na njaa, tunaomba umwekee hata viazi na maziwa.” Bibi akiombwa hivyo, anapata kazi anayoipenda, na jogoo anaendelea kuiva taratibu kwa ajili ya wakubwa.

Kwa mtoto anayekataa chakula hata baada ya saa kubadilishwa, mahali pa kuanzia ni kliniki. Kadi ya ukuaji ikionyesha uzito umesimama au umeshuka, au kama hajapimwa urefu kwa muda mrefu, mhudumu wa zahanati ataangalia kama kuna minyoo, upungufu wa damu au ugonjwa mwingine. Inafaa mzazi aende na jibu la swali ambalo wengi hulisahau: jana, mtoto alikula nini mara ya mwisho, na ilikuwa saa ngapi.