Fahamu: Simu janja inapogoma baada ya kusasishwa

Chaji kuisha haraka na simu kupata joto kwa siku moja au mbili baada ya kusasishwa ni kawaida: mfumo mpya hupanga upya programu na picha chinichini. Kwa mkulima wa Laela au Matai mkoani Rukwa anayechaji kwa sola, siku hizo ni ndefu mno. Ili kupunguza tatizo, simu izimwe na kuwashwa, mafaili yasiyohitajika yafutwe, kisha programu nazo zisasishwe. Programu ya M-Pesa ikigoma, *150*00# hufanya kazi bila intaneti, hivyo malipo ya mahindi hayakwami. Kufuta kila kitu kwenye simu ni hatua ya mwisho kabisa, picha na namba zikishahifadhiwa kwingine. Nywila ya akaunti ya Google nayo ikumbukwe, la sivyo simu ya Android inaweza kujifunga baada ya kufutwa hivyo.