Suti ya Nyuzi 21 na Jua la Kaskazi

Mwaka 1941 wataalamu watatu, Gagge, Burton na Bazett, waliokuwa wakichunguza namna mwili wa mwanadamu unavyotunza joto lake, walitunga kipimo cha kujulisha ni kiasi gani nguo huzuia joto hilo lisitoke, wakakiita klo. Na klo moja wakaifanya kuwa ni kadiri ya nguo imtoshayo mtu aliyeketi kimya, pasipo upepo, katika chumba chenye nyuzi 21 za sentigredi na hewa isiyo na unyevu mwingi. Suti kamili ya mwanamume, pamoja na shati na nguo za ndani, huhesabiwa kuwa karibu klo moja. Basi vazi hilo tunaloliona kuwa ndilo dhihirisho la murua wa ofisini lina hali yake ya hewa, nayo ni nyuzi 21, ilhali Dar es Salaam na Mombasa, wakati wa kaskazi, toka Desemba hadi Machi, joto la adhuhuri hufika nyuzi 31 au 32, na hewa itokayo baharini huwa imebeba unyevu hata nguo iliyoanikwa kivulini hukawia kukauka.

Unyevu huo ndio shina la taabu yenyewe. Mwili hujipoza kwa jasho, na jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Nalo likikuta hewa imeshiba maji, tena likikuta kitambaa kizito kimegandamana na ngozi, hubaki pale pale likitiririka bila faida. Ndipo inapokuja tofauti ya uzi na uzi. Pamba, ikipimwa katika hali ya kawaida ya maabara, hushika unyevu wa kadiri ya asilimia 8.5 ya uzito wake, na poliesta hushika asilimia 0.4 tu. Sisemi kwamba poliesta haina fadhila: ni rahisi kwa bei, hukauka upesi ikifuliwa, wala haikunjamani, na mtu asiye na umeme wa kupigia pasi kila alfajiri hawezi kulaumiwa kwa kuipenda. Kwake yeye kitambaa cha mchanganyiko, pamba ikiwa ndiyo nyingi, ni suluhu njema. Lakini shati la poliesta tupu ndani ya koti lenye bitana, ndani ya daladala ya saa moja asubuhi, ni adhabu ambayo hakuna hakimu aliyeihukumu.

Itazame sasa kanzu ikiwa imetandikwa juu ya meza ya fundi cherehani, kabla ya kuunganishwa. Badani, yaani kile kipande kirefu cha mbele na nyuma, hushuka moja kwa moja pasipo kubana kiuno. Ubavuni hupachikwa taharizi, vipande vizidivyo upana kadiri vishukavyo, ili mguu upate hatua na upepo upate mlango. Na chini ya mkono hutiwa kikwapa, kijipande kidogo ambacho mnunuzi aghalabu hakioni, nacho ndicho kinachouwezesha mkono kuinuka bila ya kuivuta nguo nzima, na kukizuia kitambaa kisishikane na mwili mahali pale utokapo jasho jingi. Shingoni huzungushwa kaba ili pasitatuke. Hewa huingia chini kwenye pindo, mtu akitembea ikasukumwa juu, ikatokea shingoni. Hata kofia ya viua, ambayo mtu huiona ni pambo tu, imejaa vitobo vilivyozungushiwa uzi kimoja kimoja kwa mkono, na kila kitobo hupitisha hewa. Siku ya Ijumaa, Unguja na Mombasa, watumishi wengi huonekana maofisini wamevaa hivyo, na sijapata kusikia kwamba kazi za siku hiyo huharibika kwa sababu ya kanzu. Bila shaka simwambii makenika aingie chini ya gari na kanzu, wala fundi wa umeme apande ngazi nayo; kila kazi ina libasi yake. Ninalolisema ni kwamba ule ujuzi wa ukataji, wa kuliacha vazi lisimame mbali kidogo na mwili, waweza kuhamishiwa katika shati na suruali.

Wako waliojaribu suluhu ya kati. Suti ya Kaunda, iliyopewa jina la Kenneth Kaunda, rais wa kwanza wa Zambia, ni koti jepesi lenye suruali ya kitambaa kile kile, livaliwalo bila tai na aghalabu bila shati ndani yake, na kwa hiyo humpunguzia mtu tabaka zima la nguo pasipo kumpunguzia staha. Hata hivyo, mwezi wa Novemba 2023 Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, aliipiga marufuku katika majengo ya Bunge, pamoja na mavazi ya jadi ya Kiafrika, akasisitiza koti, kola na tai. Na hayo yalitokea wakati Rais William Ruto mwenyewe alikuwa akijulikana sana kwa kuivaa. Kwa insafu, Nairobi iko juu zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi zake huweza kustahimili koti. Lakini dasturi za Nairobi huiteremka njia ya reli zikafika Mombasa zikiwa hazijabadilishwa hata kifungo.

Nchi nyingine zimekwisha kuamua vingine. Katika kiangazi cha mwaka 2005 serikali ya Japani, Yuriko Koike akiwa waziri wa mazingira, iliagiza viyoyozi vya ofisi zake viwekwe nyuzi 28, na watumishi wakahimizwa kuacha makoti na tai. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi akatokea hadharani shingo wazi. Mwaka 2009 Sheikh Hasina, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Bangladesh, aliwaagiza watumishi wa kiume wa serikali waache suti ili umeme usiteketee katika kupoza vyumba. Serikali zote mbili zilikuwa zimeitambua hesabu iliyo wazi: mwanamume aliyevaa klo moja hawezi kukaa katika nyuzi 28, kwa hiyo hukipoza chumba kizima mpaka kilingane na koti lake.

Na gharama ya koti hilo hulipwa na mwingine. Mwaka 2015 watafiti Boris Kingma na Wouter van Marken Lichtenbelt walieleza katika uchunguzi wao kwamba kanuni zitumiwazo kupangia joto la maofisini, ambazo asili yake ni miaka ya 1960, zilikadiria joto lizalishwalo na mwili kwa kumfuata mwanamume wa makamo mwenye kilo 70, na hivyo kuwazidishia wanawake wengi makadirio. Ingia katika ofisi yoyote yenye kiyoyozi na kioo kikubwa, utamwona bwana mwenye suti amestarehe, na katika meza ya pili bibi mwenye gauni la kitenge lenye mikono mifupi amejitanda mtandio mabegani, vidole vimempooza, adhuhuri ya Februari, huku nje watu wakitafuta kivuli. Kisha mwangalie mlinzi wa mlangoni, mwenye shati zito la poliesta lililofungwa hadi shingoni na buti za ngozi, ambaye huo upepo wa kiyoyozi huupata mlango ukifunguliwa tu.

Kwa msomaji anayekwenda kushonesha juma hili, maneno machache ya manufaa. Usikubali kupimwa kwa kusimama tu. Keti, uinamie meza kama uandikavyo, nyosha mikono mbele, na umwambie fundi aangalie mgongo unavyovutika na kiuno kinavyobana, kwani nguo ya ofisini kazi yake kubwa ni kuketi. Mwambie aache nafasi kwapani na atie marinda mawili mgongoni. Ukienda soko la mitumba, Karume ya Dar es Salaam au Gikomba ya Nairobi, itafute lebo iliyo ndani ya mshono, nawe utapata mashati ya pamba tupu na hata ya kitani kwa bei ambayo dukani hununui kola. Viatu vinunue jioni, mguu ukiwa umekwisha kuvimba kwa shughuli za mchana. Ama rangi na mtindo, hayo ni mamlaka yako. Mtu akishapata nguo inayomkaa sawasawa, safi na iliyopigwa pasi, utanashati uliobaki hujitafutia njia wenyewe.

Na kwa mwajiri anayekusudia kushona sare mpya mwaka huu, ombi langu ni hili: kabla ya kutia sahihi, mvishe mlinzi wako mmoja sare hiyo juma zima, juani, kisha umuulize kwa faragha, nawe uyaandike majibu yake katika oda ya fundi.