Umeme Umerudi, DVR Haiwaki

Umeme unakatika usiku, unarudi alfajiri. Friji inaanza kuunguruma, feni inazunguka, lakini chini ya kaunta ya duka DVR, mashine ya kurekodi picha za kamera za ulinzi, iko kimya na taa yake ya mbele imezimika. Mwenye duka anapompigia fundi humwambia neno ambalo mafundi wote wamelizoea: "Fundi, jana usiku ilikuwa nzima kabisa." Anasema kweli. Wengi hukimbilia kudhani kuwa umeme ulirudi kwa kishindo ukaiunguza, na wakati mwingine ndivyo ilivyo. Lakini mara nyingi mashine hiyo ilikwisha kudhoofika miezi kadhaa nyuma, ila hakuna aliyelijua hilo kwa sababu hakuna aliyekuwa ameizima na kuiwasha tena.

DVR haifanani na vifaa vyetu vingine. Televisheni tunaizima tukienda kulala, kompyuta tunaifunga jioni. DVR hufungwa siku moja, ikaachwa irekodi usiku na mchana, saa 8,760 kwa mwaka. Kuendelea na kazi kwake ni jambo jepesi. Kuanza ndiko kugumu, kama mkokoteni uliopakiwa saruji pale Kariakoo: kuung'oa uliposimama kunataka watu watatu, ukishaviringika mmoja anautosha.

Ugumu huo unapimika. Ndani ya DVR mna diski ngumu, jamii moja na ile ya kompyuta ya mezani, isipokuwa nyingi za kamera hutengenezwa ili ziandike mfululizo bila kupumzika. Sahani zake huzunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 hivi kwa dakika. Zikishafikia kasi hiyo, mota huridhika na chini ya nusu ampia kwenye njia ya volti 12. Ila katika sekunde chache za kuzitoa kwenye utulivu mpaka kasi kamili, mota huvuta karibu ampia 2. Sasa geuza adapta ya DVR ya kamera nne usome maandishi ya nyuma. Nyingi zimeandikwa volti 12, ampia 2. Maana yake ni kwamba adapta hiyo, hata ikiwa mpya, hufika karibu na ukomo wake kila mashine inapowashwa. Ikishapoteza sehemu ya nguvu zake kwa uzee, itaendelea kuilisha DVR iliyo kazini bila shida yoyote, lakini siku umeme ukikatika haitaweza kuianzisha upya.

Uzee huo hukaa hasa kwenye kapasita, vile vikopo vidogo vya mviringo vinavyosimama juu ya bodi. Kapasita ya elektroliti ni kanda mbili nyembamba za alumini zilizoviringishwa pamoja na karatasi iliyoloweshwa kimiminika kinachopitisha umeme. Juu ya kanda moja kuna utando wa oksidi ya alumini, na utando huo ndio unaozuia mkondo usivuke, ili chaji ijikusanye. Mwaka hadi mwaka kimiminika kile hupungua, kikipenya taratibu kwenye kizibo cha mpira kilicho chini. Uwezo wa kushika chaji hushuka, ukinzani wa ndani hupanda, ukinzani unazaa joto, na joto linazidi kukausha kile kilichobaki.

Ndani ya adapta kuna kapasita moja ndogo ambayo ningependa kila mwenye DVR aijue. Kazi ya kuugeuza umeme wa ukutani kuwa volti 12 huongozwa na chipu, na chipu hiyo nayo inahitaji umeme wake. Adapta ikishawaka, chipu hulishwa na transfoma iliyomo humo humo. Kabla haijawaka, hakuna wa kuilisha. Kwa hiyo resista hupitisha mkondo mdogo sana kwenye kapasita hiyo, mara nyingi ya maikrofaradi 22 au 47, mpaka ikusanye chaji ya kuipa chipu msukumo wa kwanza. Kapasita ikikauka, msukumo unaisha kabla transfoma haijachukua zamu. Chipu inaamka, inakosa umeme, inazima, inajaribu tena. Ukitega sikio utasikia tik, tik, tik, au utaona taa ya adapta ikipepesa. Adapta ya namna hiyo ikiwa tayari imewaka inaweza kudumu miezi mingi bila mtu kushtuka. Izime saa moja tu ipoe, na huenda isiwake tena. Kifaa kidogo cha bei ndogo kimeacha duka zima bila ulinzi.

Kwa nini hii hapa ikauke baada ya miaka mitatu na ile ya jirani idumu saba? Joto. Mwaka 1889 mwanakemia Mswidi Svante Arrhenius alieleza kwa hesabu jinsi joto linavyoharakisha mabadiliko ya kikemia, na wahandisi wa elektroniki wamechota humo kanuni fupi wanayoitumia hadi leo: kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazopungua, maisha ya kapasita huwa maradufu. Chukua kapasita iliyoandikwa saa 2,000 kwenye nyuzi 105. Ikifanya kazi kwenye nyuzi 65, saa hizo hugeuka 32,000, yaani takriban miaka mitatu na nusu ya kuwashwa bila kuzimwa. Ishushe hadi 55, unapata zaidi ya miaka saba. DVR iliyofungiwa ndani ya kabati la mbao lisilo na tundu, Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari, huku adapta ikilala juu ya mgongo wa mashine yenyewe, inaongezewa nyuzi hizo 10 kwa urahisi kabisa. Kulificha boksi ili mwizi asilibebe ni busara. Kulinyima hewa ni kulifupishia maisha, na ndani ya kabati hilo hilo nafasi ya kutoboa matundu ya kutosha ipo.

Kapasita mbovu zimewahi kuitikisa dunia nzima ya kompyuta. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 hadi katikati ya muongo uliofuata, kapasita nyingi, hasa zilizotoka Taiwan, zilijazwa kimiminika chenye maji ambacho hakikuwa na viambato vya kutosha vya kuilinda alumini. Alumini ililiwa, gesi ya hidrojeni ikajaa ndani, vichwa vya kapasita vikavimba na kupasuka. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kugharimia matengenezo ya kompyuta zake zilizoathirika. Tangu hapo fundi yeyote akifungua kifaa kisichowaka hutazama kwanza vichwa vya kapasita: kilichonyooka kina heri, kilichovimba kinang'olewa. Tahadhari ni moja. Ile ndogo ya kuanzishia adapta mara nyingi hukauka bila kuvimba hata kidogo, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi.

Wala multimita peke yake haitoshi. Hapa ndipo DVR nyingi nzima zinapohukumiwa kufa. Fundi anachomeka vijiti vya mita kwenye plagi ya adapta, anasoma volti 12 kamili, anasema adapta ni nzima na bodi imekufa. Lakini mita haivuti mkondo wa maana, na adapta dhaifu isipobebeshwa mzigo huonyesha volti zake zote. Ni lazima ipimwe ikiwa kazini. Njia rahisi ninayoipenda ni balbu ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21: huvuta ampia 1.75, karibu kabisa na kile diski inachotaka inapoanza kuzunguka. Unganisha balbu kwenye adapta, kisha soma mita. Ikibaki karibu na 12, adapta haina lawama. Ikiporomoka hadi 9 au 8, umempata mhalifu kabla hujafungua skrubu hata moja.

Adapta mpya iwe ya volti zile zile, na ampia zisipungue. Zikizidi hazina madhara, kwa kuwa mashine huchukua inachohitaji tu. Volti ndizo zisizosamehe. Adapta ya kompyuta mpakato, ya volti 19, huweza kuingia vizuri kwenye tundu la DVR na kuiunguza bodi papo hapo. Na kwa anayetaka kuifungua adapta yenyewe: umeme wa volti 230 ukishanyooshwa ndani hufika kama volti 325, na kapasita kubwa iliyomo huweza kuushika hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Kazi hiyo mwachie aliyejifunza namna ya kuitoa chaji.

Kabla ya kununua adapta, hata hivyo, angalia nyaya. Seti nyingi za kamera huja na adapta moja yenye waya uliogawanyika, mkia mmoja unakwenda DVR na mingine inakwenda kwenye kamera. Kiungio cha kamera ya nje kikiingia maji ya mvua, au pwani kikiliwa na chumvi ya hewa ya bahari, shoti ya huko ukutani huvuta umeme wote na DVR inakosa. Chomoa kamera zote, jaribu DVR peke yake. Ikiwaka, rudisha kamera moja moja mpaka uipate yenye kosa. Kanda ya Ziwa, ambako radi ni nyingi mno, nyaya ndefu za kamera hufanya jambo jingine baya: huokota msukumo wa radi na kuuingiza ndani kupitia matundu ya picha. Hapo kweli bodi hufa, na hakuna adapta itakayoiponya.

Ikiwa taa inawaka lakini picha haiji, usiseme haraka kwamba mashine imekufa. Jaribu kebo nyingine na skrini nyingine, au ifungue kwenye programu ya simu. Picha zikionekana kwenye simu, DVR i hai na tatizo liko njiani.

Ikiganda kwenye nembo ya kampuni, au ikijiwasha na kujizima bila kikomo, chomoa nyaya za diski uiwashe bila diski. Hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote, na hakigharimu kitu. DVR inapoamka, programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya flashi huiamsha Linux, na Linux huitafuta diski na kuikagua. Diski yenye sehemu zilizoharibika humkwamisha mkaguzi pale pale. Ikiwa mashine inafika kwenye menyu bila diski, bodi ni nzima, na kilichobaki ni kujua kama kosa ni la diski au la adapta isiyoweza kuizungusha. Ikiwa inaganda hata bila diski, huenda programu ya ndani imeharibika, mathalani umeme ulikatika katikati ya kuisasisha. Hiyo si hukumu ya kifo. Bodi nyingi zina vituo vidogo vya mawasiliano ambavyo fundi anaweza kuviunganisha na kompyuta, akasoma mstari kwa mstari mahali mashine inapokwama, kisha akaandika upya programu yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma. DVR nyingi hazipelekwi kwa fundi kwa sababu ya thamani ya boksi. Zinapelekwa kwa sababu usiku ule umeme ulipokatika kuna kitu kiliibwa, au mtu aliumizwa. Kamera nne zinazotuma megabiti 2 kwa sekunde kila moja hujaza gigabaiti 86 kwa siku, kwa hiyo diski ya terabaiti 1 huwa na kumbukumbu za siku kumi na moja hivi kabla ya kuanza kufuta za zamani. DVR isiyowaka haifuti kitu. Siku zile zote zimo humo, zinasubiri.

Kinachoziangamiza ni haraka yetu. Diski inawekwa kwenye DVR nyingine, mashine inaonyesha ujumbe kwamba haiitambui na inaomba ruhusa ya kuiandaa upya, na mtu anabonyeza ndiyo. Au inachomekwa kwenye kompyuta, Windows inadai kuwa haisomeki na inapendekeza kuifomati, na mtu anakubali. Kampuni nyingi za DVR huandika diski kwa mpangilio wao wenyewe ambao kompyuta ya kawaida haiuelewi. Kutosomeka huko hakumaanishi kwamba ni tupu. Kwanza diski inakiliwa yote, biti kwa biti, kwa kifaa kisichoruhusu kuiandika. Kisha nakala ndiyo inayojaribiwa, kwenye DVR ya aina ile ile au kwa programu maalumu. Diski inayogonga kwa ndani isiwashwe tena hata mara moja, maana kila jaribio laweza kukwaruza sahani. Ipelekwe kwa wataalamu wa kuokoa data.

Kwa upande wa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu kumbukumbu kama hizi kutolewa ushahidi, na mahakama inapozipima hutazama jinsi zilivyotunzwa. Kwa hiyo andika tarehe na saa ambayo diski ilitolewa, nani aliitoa, na nani amekaa nayo. Angalia pia betri ya saa iliyo kwenye bodi, ile bapa ya volti 3. Ikiisha, DVR hurudi kwenye tarehe ya miaka mingi iliyopita kila umeme unapokatika, na picha sahihi hubeba saa ya uongo.

Basi siku DVR yako ikigoma kuwaka, jaribu adapta kwanza, chomoa kamera, chomoa diski. Na ukimkabidhi fundi mashine, mwambie kwa kinywa chako mwenyewe kabla hujaondoka: diski hii isifomatiwe.