Ukijipikia bia kali nyumbani, jua kipimo chake

Bwana mmoja wa makamo alikuja kliniki yangu Jumatatu asubuhi akiwa amefunga mkono kwa leso. Alikuwa ameteleza kwenye ngazi za nyumba yake usiku wa Jumamosi, na picha ya eksirei ilionyesha kwamba mfupa wa kifundo cha mkono ulikuwa umevunjika. Nilipomuuliza alikuwa amekunywa kiasi gani, alijibu bila kusita: "Chupa tatu tu, daktari. Na si za baa, ni bia niliyopika mwenyewe."

Sikuwa na sababu ya kumshuku. Chupa tatu ndizo alizokuwa akinywa kila mwisho wa wiki kwa miaka mingi, na hakuwahi kuanguka. Kosa lake halikuwa katika idadi ya chupa, bali katika kile kilichokuwemo ndani yake. Ndugu yake aishiye Marekani alikuwa amemletea boksi la kujipikia bia ya aina iitwayo "double IPA", naye alifuata maagizo barabara. Bia ikatoka nzuri, yenye harufu ya machungwa, na kali karibu maradufu ya ile aliyoizoea.

Kwa kuwa maboksi ya namna hii huletwa na jamaa zetu walio ng'ambo, ni vyema msomaji ajue ni kitu gani hiki na kinaweza kuufanyia nini mwili wake.

Ni bia gani hii?

Herufi IPA ni kifupisho cha jina la Kiingereza la bia iliyokuwa ikisafirishwa kwa meli kutoka Uingereza hadi India katika karne za 18 na 19. Ilitiwa hopsi kwa wingi. Hopsi ni maua ya mmea utambaao. Huipa bia uchungu na harufu, na pia huzuia baadhi ya bakteria wanaoichachusha. Wapikaji wa Marekani, hususan wa California, waliongeza hopsi na kimea katika miaka ya 1990, wakapata bia ya "maradufu" ambayo kwa kawaida huwa na pombe ya asilimia 8 au zaidi.

Kanuni ya upishi ni ile ile anayoijua kila aliyewahi kuona busaa ikitengenezwa. Nafaka hulowekwa ichipue iwe kimea. Kimea hutoa sukari. Hamira hula sukari hiyo na kutoa pombe pamoja na gesi. Tofauti ni kwamba katika boksi la kisasa kazi ya kimea imekwisha kufanywa kiwandani. Unapewa sharubati nzito ya kimea cha shayiri, mfano wa asali, au unga wake mkavu. Mpikaji huichemsha pamoja na maji na hopsi kwa muda wa saa moja hivi, huipoza hadi nyuzijoto 20 za Selsiasi, hutia hamira, kisha huiacha kwenye ndoo yenye kifuniko na kijibomba cha kutoa gesi kwa majuma mawili hivi. Hopsi nyingine huongezwa siku za mwisho ili kukoleza harufu. Hatimaye hutiwa sukari kidogo na kujazwa katika chupa.

Je, inaweza kupofusha macho?

Hili ndilo swali ninaloulizwa zaidi, na si ajabu. Wakenya hatujasahau Novemba 2000, pale zaidi ya watu 100 walipofariki Nairobi baada ya kunywa pombe haramu yenye sumu ya methanoli, na wengine wakapoteza uwezo wa kuona. Februari 2024 msiba wa pombe yenye sumu ulitokea tena katika kaunti ya Kirinyaga.

Lakini tuelewane. Hamira inapokula sukari ya kimea haitoi methanoli ya kiasi cha kudhuru. Methanoli inayoua aghalabu ni kemikali ya viwandani ambayo wauzaji wenye tamaa huitia katika pombe ili kuiongezea nguvu. Ini huigeuza kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Kwa hiyo bia iliyopikwa kwa kimea, hopsi, maji na hamira pekee, bila kukenekwa wala kutiwa kitu kingine, haipofushi macho kwa njia hiyo. Hatari zake ni nyingine.

Hatari za jikoni

Ya kwanza ni moto. Sharubati ya kimea hufura ghafla inapoanza kuchemka na kumwagika kama maziwa, ila hii hunata kwenye ngozi. Usiache sufuria bila mtu, wala usiruhusu watoto karibu. Ukiungua, weka mahali palipoungua chini ya maji baridi yatiririkayo kwa dakika 20. Usipake siagi wala dawa ya meno.

Ya pili ni chupa kupasuka. Bia ikijazwa kabla hamira haijamaliza sukari, au ikitiwa sukari kupita kiasi, gesi hujaa hadi chupa ilipuke na vipande vya kioo kurushwa kila upande. Kwa lita 19, ambacho ndicho kipimo cha maboksi mengi ya Marekani, sukari ya mwisho huwa gramu 120 hadi 140 hivi. Chupa nyembamba za soda zisitumiwe.

Ya tatu ni uchafu. Pombe, uchungu wa hopsi na ukali wa asidi huzuia vijidudu vingi viletavyo magonjwa, lakini vyombo vichafu huharibu bia, nayo huchachuka vibaya. Kila kitakachogusa bia iliyopoa kioshwe na kitiwe dawa ya kuua vijidudu.

Hesabu ambayo mgonjwa wangu hakuifanya

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Chupa ya bia ya dukani ina kibandiko kinachotaja asilimia ya pombe. Chupa ya nyumbani haina. Mpikaji hana budi kuipima mwenyewe kwa haidromita, ambayo ni kipimo cha kioo kinachoelea. Pima kabla ya kutia hamira, kisha pima bia ikiwa tayari. Toa namba ya pili kutoka ya kwanza, uzidishe kwa 131. Mathalani, ikianza na 1.076 na kuishia 1.015, tofauti ni 0.061, na pombe ni asilimia 8.

Chupa ya mililita 500 yenye asilimia 8 ina mililita 40 za pombe tupu, yaani gramu 32 hivi. Bia ya kawaida ya asilimia 4.2 katika chupa kama hiyo ina gramu 17 hivi. Kwa hiyo chupa tatu za mgonjwa wangu zilikuwa na gramu 96, sawa na karibu chupa sita za ile aliyoizoea. Ulimi haukumwonya, kwa maana utamu wa kimea na harufu ya hopsi huficha ukali wa pombe.

Ini la mtu mzima huondoa gramu 7 hadi 10 hivi kwa saa, na kahawa au maji baridi hayaliharakishi. Gramu 96 huhitaji saa 10 hadi 14. Aliyeanza kunywa saa moja jioni ya Jumamosi yamkini bado ana pombe mwilini saa mbili asubuhi ya Jumapili, anapowapakia watoto garini kwenda kanisani. Mgonjwa wangu alinyamaza nilipomwambia hivyo. Kanisani angeendesha yeye, kama mkono usingevunjika.

Kuna mtego mwingine. Lita 19 hutoa chupa 36 hivi. Mwongozo wa Uingereza wa 2016 unashauri mtu mzima asizidi gramu 112 za pombe kwa wiki, yaani chupa tatu na nusu za bia hii. Kwa kipimo hicho mtu mmoja angehitaji majuma kumi kuzimaliza. Lakini harufu ya hopsi hufifia upesi, na wapikaji huhimizwa wainywe bia ingali mpya. Hapo ndipo mtu hujikuta anakunywa ili isiharibike.

Nani asiiguse?

Mama mjamzito asinywe kabisa. Vivyo hivyo wenye ugonjwa wa ini, wanaotumia dawa za usingizi au metronidazoli, na kila aliyewahi kushindwa kuacha pombe. Mwenye gauti ajue kwamba bia huongeza asidi ya yuriki. Mwenye kisukari ajue kwamba chupa moja ina zaidi ya kalori 300, na kwamba pombe yaweza kushusha sukari ya damu kupita kiasi kwa anayetumia insulini. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi mwaka 2023 kwamba hakuna kiasi cha pombe kisicho na madhara yoyote, na saratani ni mojawapo ya madhara hayo.

Tena, sheria yetu ya 2010 ya kudhibiti vileo inadai leseni kwa utengenezaji na uuzaji. Uliza kabla ya kuwasha jiko.

Na kama chupa ya nyumbani imekwisha kukufikia mezani, muulize aliyeipika asilimia yake. Asipoijua, ihesabu kama chupa mbili, na funguo za gari mpe mwingine hadi kesho mchana.