Babu wa Mchina Yuko Kitete

Oya wanangu, kuna chuma kinauzwa Kitete, na kijiweni tumekichana wiki nzima bila hata mmoja wetu kwenda kukiona. Honda CG125, nyekundu, namba bado zile za kuanzia T, sio MC kama zetu. Mwenyewe ni dingi mstaafu wa afya, alikuwa anakatiza nayo Sikonge na Urambo na kasha la chanjo nyuma. Anataka M moja na laki mbili. Masela wakacheka mbaya: hela hiyo si kianzio cha Boxer mpya? Halafu spea utazitoa wapi, makumbusho ya Kwihara?

Mi nikaenda zangu Jumapili asubuhi.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka." Akaniangalia viatu kwanza, uso baadaye.

Iko chini ya mwembe, imefunikwa kanga. Akaifunua. Tenki lina rangi yake ya kuzaliwa, sio ile ya kupuliziwa kuficha puti. Pale yanapobana magoti, rangi imelika pande zote mbili mpaka bati linaonekana. Hapo ndo nikalainika, maana muuza kamba angeanza kupaka rangi hapo hapo.

Cheni huioni, imefungiwa kwenye boksi la bati. Mzee akachomoa kizibo cha mpira, akaniambia nichungulie. Grisi tupu, mchanga hakuna hata punje. Na Tabora hii mnaijua ilivyo na mchanga. Ya kwangu iko wazi, inalia kama panya, na toka mwaka uanze nishabadilisha mbili.

"Wewe unaendesha nini?"

"Mchina tu, babu. Cc 125."

Akachuchumaa pembeni ya Mchina wangu, akagonga injini kwa kucha. "Vavu za hii zinasukumwa na nini?" Nikazubaa. Miaka mitatu nalala na kuamka na hii ngoma, sijui.

Basi nikapigwa shule. Honda waliitoa CG mwaka 1976, wakiwalenga watu wa aina yetu: mzigo kupita kiasi, oili tunaikumbuka siku injini ikilia. Wakaachana na kamshafti ya juu na cheni yake, wakaishusha chini, vavu zikawa zinasukumwa na fito mbili nyembamba. Spidi ya mashindano usiitegemee, ila inavumilia dharau. Wachina wakaielewa kinoma, wakaikopi, na ndo injini iliyojaa vijiweni leo. Kwa hiyo ile hoja ya spea imekufa. Sio kila kitu kitaingia, lazima upime, ila fito na ringi sio za kwenda kutafuta Japani.

Na kama kuna mji uliotengenezewa pikipiki ya hivi, ni huu. Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu toka hapa mpaka Bagamoyo kwa mguu, miezi njiani, kabla reli haijafika 1912. Sisi tunabeba mkaa. Mabega tu ndo yamebadilika.

Mzee akavuta choki. Kiki ya kwanza ya kutafuta, ya pili ikawaka, ikatulia hapo hapo. Kuku waliolala chini ya mwembe hawakunyanyua hata shingo. Mchina wangu nikiuwasha asubuhi, mtaa mzima unajua nimeamka.

Nikatupa laki tisa. Hakujibu.

"Utabebea mkaa?"

"Hapana, babu." Akanikazia macho. "Kidogo."

Daah, nikajua nimejichoma. Ila hakufukuza mtu, akaingia ndani akatoka na kadi, jina lake mwenyewe, akanionyesha kwa mbali, akairudisha mfukoni. Bei haijashuka hata buku. Nimeambiwa nirudi Jumamosi alfajiri, nimevaa nguo za kuchafua, injini ikiwa bado ya baridi: kabla sijaigusa hiyo kadi, niisetie tapeti mbele yake.