AMRI YA BARAKOA KATIKA SKULI ZA SEKONDARI: WAZEE WALISEMA NINI

Tarehe 5 Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba maradhi ya UVIKO-19 hayahesabiwi tena kuwa dharura ya kimataifa. Barakoa zilikwisha kutoweka madarasani kabla ya tarehe hiyo, na wanafunzi waliokuwa wakizivaa wengi wao wamekwisha kumaliza masomo. Lakini maradhi yanayoenea kwa pumzi hayakuondoka duniani, na siku amri ya namna hiyo itakapohitajika tena watakaotakiwa kuitekeleza majumbani ni wazee na walezi. Kwa sababu hiyo inafaa watumishi wa umma na wananchi kwa jumla waelezwe jinsi amri hiyo ilivyopokelewa na wazee katika nchi zilizoijaribu, hoja zilizotolewa, na zipi kati ya hizo zilikuja kuthibitika.

Neno lenyewe halikuwa geni kwa watu wa visiwani. Kabla ya kupewa kazi ya hospitali, barakoa lilikuwa vazi la usoni la mabibi wenye asili ya Omani, lililofunika paji na pua na kuacha macho wazi. Barakoa ya sasa inafunika pua na mdomo, nayo haikukusudiwa kuwa pambo wala stara. Huenda ndiyo sababu baadhi ya wakongwe walitabasamu waliposikia wajukuu wao wa kiume wakiamriwa kuivaa.

Msingi wa amri nyingi ulikuwa mwongozo uliotolewa tarehe 21 Agosti 2020 na Shirika la Afya Duniani pamoja na UNICEF. Mwongozo huo uliwagawa watoto kwa umri. Wa miaka 5 na chini yake wasilazimishwe. Wa miaka 6 hadi 11 uamuzi ufuate hali ya maambukizi ya mahali wanapoishi na uwezo wa mtoto kuivaa ipasavyo. Wa miaka 12 na zaidi wavae kwa masharti yale yale ya watu wazima, hasa pale ambapo nafasi ya mita moja baina ya mtu na mtu haiwezi kupatikana. Umri wa miaka 12 ndio unaokaribiana na mwanzo wa elimu ya sekondari katika nchi nyingi, na hapo ndipo mjadala ulipoangukia skuli za sekondari kuliko za msingi.

Mfano ulioandikwa kwa kirefu zaidi ni wa Uingereza. Hadi siku chache kabla ya skuli kufunguliwa mwezi Septemba 2020, msimamo wa Serikali huko ulikuwa kwamba barakoa hazihitajiki skulini. Usiku wa tarehe 25 Agosti msimamo ukabadilishwa: katika maeneo yenye vizuizi, wanafunzi wa sekondari wavae wanapokuwa njiani baina ya madarasa na katika sehemu za pamoja; kwingineko mwalimu mkuu aamue mwenyewe. Mwezi Novemba 2020 agizo la sehemu za pamoja likaenea nchi nzima. Tarehe 8 Machi 2021 barakoa zikaingia darasani. Tarehe 17 Mei mwaka huo huo zikatolewa darasani. Mwezi Januari 2022, kwa sababu ya aina mpya ya virusi iliyoitwa Omikroni, zikarejeshwa darasani, na kufikia tarehe 20 ya mwezi huo huo zikatolewa tena. Scotland, ambayo ina serikali yake katika mambo ya elimu, ilikwenda kwa kalenda nyingine na haikuziondoa darasani hadi tarehe 28 Februari 2022.

Mtu akiisoma orodha hiyo ya tarehe atafahamu lalamiko la kwanza la wazee, nalo halikuhusu kitambaa. Lilihusu kugeuka-geuka kwa maagizo. Mzee aliyemwambia mwanawe mwezi Agosti kwamba barakoa hazina haja, kwa kuwa ndivyo Serikali ilivyosema, alilazimika mwezi Septemba kumwambia kinyume chake, na kijana wa miaka 14 hasahau maneno ya baba yake. Wapo walioikubali amri na bado wakasononeshwa na namna ilivyofika: usiku, kwa njia ya vyombo vya habari, kabla ya walimu wakuu kuarifiwa kwa ukamilifu.

Lalamiko la pili lilikuwa la mantiki. Kwa nini mwanafunzi avae barakoa ukumbini kwa dakika tano, kisha aivue na kukaa na wenzake 30 katika chumba kimoja kwa saa nzima? Jibu lililotolewa lilikuwa kwamba darasani wanafunzi walikuwa wamepangwa katika makundi yasiyochanganyika, na mchanganyiko ulitokea njiani. Jibu hilo lilikuwa na maana wakati ilipodhaniwa kwamba virusi husafiri zaidi kwa matone mazito yanayoanguka karibu. Ilipozidi kudhihirika kwamba vinaweza pia kuelea katika hewa ya chumba kilichofungwa, hoja ya wazee ilionekana kuwa na uzito zaidi kuliko jibu lake.

Inafaa ieleweke pia kwamba neno "lazima" lilitumiwa ovyo. Katika Uingereza agizo la madarasani lilikuwa pendekezo la Wizara kwa skuli, na mwongozo wenyewe ulieleza kwamba hakuna mwanafunzi atakayenyimwa elimu kwa sababu ya kuvaa au kutovaa barakoa. Hata hivyo barua zilizofika majumbani kutoka baadhi ya skuli ziliandikwa kwa lugha ya amri. Wazee waliousoma mwongozo na wale walioisoma barua tu wakajikuta wanabishana juu ya mambo mawili tofauti, kila upande ukidhani mwenzake anasema uongo.

Wazee waliounga mkono barakoa hawakusikika kwa sauti kubwa kama waliozipinga, lakini hoja zao zilikuwa za watu wenye jambo. Aliyekuwa na bibi kizee nyumbani, au mgonjwa wa kisukari, au mtoto mwenye pumu kali, alifahamu kwamba darasa la mwanawe lilikuwa mlango wa maradhi kuingia chumbani kwa mgonjwa. Kijana mwenyewe pengine angeumwa siku tatu akapona. Aliyehofiwa ni yule aliyebaki nyumbani. Wengine walisema kwamba barakoa, pamoja na dosari zake zote, ni nafuu kuliko skuli kufungwa tena, na waliokwisha kuwafundisha watoto mezani pa jikoni kwa miezi kadhaa hawakuhitaji kuambiwa mara mbili.

Waliopinga walikuwa na hoja za aina mbalimbali, na haikuwa haki kuziweka zote katika kapu moja. Ipo iliyokuwa ya kweli kabisa: ugumu wa kusikilizana. Uchunguzi wa Wizara ya Elimu ya Uingereza wa mwezi Machi 2021 ulionyesha kwamba asilimia 94 ya viongozi na walimu wa sekondari waliona barakoa zimeyafanya mazungumzo baina ya mwalimu na mwanafunzi kuwa magumu zaidi. Mwezi Aprili asilimia 80 ya wanafunzi walisema hivyo hivyo, na asilimia 55 walisema kujifunza kwenyewe kumekuwa kugumu. Somo la lugha ndilo lililopata taabu ya wazi, kwani mwanafunzi wa Kifaransa au Kiarabu hujifunza nusu kwa sikio na nusu kwa kuutazama mdomo wa mwalimu.

Kwa mtoto kiziwi jambo hilo halikuwa usumbufu bali kufungiwa mlango. Anayesoma midomo hana njia ya pili mdomo unapofunikwa. Jumuiya ya kitaifa ya watoto viziwi ya nchi hiyo ililieleza jambo hili mapema, na mwongozo ukaweka msamaha kwa mtu anayezungumza na mwenye kutegemea midomo. Msamaha ulikuwapo kwenye karatasi. Ili utumike, ilibidi mtoto mwenyewe anyooshe mkono mbele ya wenzake na kumwomba mwalimu avue, na tena katika kila somo, kwa kila mwalimu. Wazee wa watoto hao hawakuwa wakipinga barakoa. Walitaka waraka umtake mwalimu ajue kabla ya kuingia darasani. Barakoa zenye dirisha la plastiki zilijaribiwa mahali pengine, ila dirisha huingia ukungu wa pumzi na sauti hupungua zaidi kuliko kwa kitambaa.

Ipo pia hoja iliyotawala mazungumzo mengi ya wazee na ambayo haikuthibitika, nayo ni kwamba barakoa humnyima mtoto hewa safi. Hofu hiyo ilipata nguvu tarehe 30 Juni 2021, wakati jarida moja la utabibu wa watoto la Marekani lilipochapisha barua ya utafiti iliyodai kwamba hewa chafu ya kabonidayoksaidi hujikusanya kwa kiwango cha hatari nyuma ya barakoa za watoto. Wataalamu walionyesha kasoro katika namna vipimo vilivyochukuliwa, na kabla ya kumalizika mwezi Julai jarida lenyewe liliifuta barua hiyo. Chembe za hewa ni ndogo mno kiasi cha kupita katika nyuzi bila kizuizi cha maana, na madaktari wa upasuaji hufanya kazi kwa saa nyingi wakiwa wamefunikwa. Lakini habari ya kuchapishwa ilienea duniani kwa wiki mbili, na habari ya kufutwa haikufika nusu ya masikio hayo. Mtumishi wa umma anayekutana na mzee mwenye hofu hii hana budi kufahamu kwamba mzee huyo hakuizua. Aliisoma mahali palipoheshimika.

Katika nchi jirani ya Kenya hali ilikuwa nyingine. Skuli zilifungwa mwezi Machi 2020. Tarehe 12 Oktoba mwaka huo zilifunguliwa kwa wanafunzi wa Gredi ya 4, Darasa la 8 na Kidato cha 4 tu, na waliobaki wakarejea tarehe 4 Januari 2021. Barakoa ilikuwa sharti. Nje ya skuli, kanuni za mwezi Aprili 2020 ziliweka faini isiyozidi shilingi 20,000 za Kenya au kifungo kisichozidi miezi 6 kwa asiyevaa hadharani. Huko mjadala wa haki ya mzee kuamua ulisikika kidogo. Uliosikika zaidi ulikuwa wa mfuko wake. Darasa lenye wanafunzi wengi na bweni lenye vitanda vya juu na chini haviwezi kugawanywa kwa mita, na hivyo barakoa ilibebeshwa kazi yote ya kinga.

Hesabu yake ni nyepesi. Nyumba yenye watoto watatu wa sekondari, kila mmoja akitumia barakoa moja ya kutupwa kwa siku, hutumia 15 kwa wiki na 60 kwa mwezi. Za kitambaa zinazofuliwa hupunguza gharama: mbili kwa kila mtoto, moja mwilini na moja kwenye kamba, maadamu kuna sabuni na maji na fundi cherahani wa karibu. Ambaye hana hayo humpa mtoto barakoa moja ya karatasi kwa wiki nzima, ikishindia mfukoni pamoja na kalamu, na barakoa ya namna hiyo haimkingi mtu. Amri ya barakoa isiyoeleza nani atanunua huwa, kwa nyumba kama hizo, ni ada ya skuli kwa jina jingine. Amri ya Kenya ya kuvaa hadharani iliondolewa tarehe 11 Machi 2022.

Ufaransa iliamuru bila kuuliza: wanafunzi wa miaka 11 na zaidi kuanzia Septemba 2020, na wa miaka 6 na zaidi kuanzia mwezi Novemba. Marekani kila jimbo lilikwenda lake. Gavana wa Florida alitoa amri tarehe 30 Julai 2021 iliyoelekeza kwamba uamuzi ni wa mzee na si wa skuli, na wilaya zilizokaidi zilitishiwa kukatiwa fedha. Hapo haki ya mzee mmoja ilikutana na haki ya mwingine, kwani barakoa humkinga zaidi jirani kuliko aliyeivaa, na mzee wa mtoto mgonjwa hakuwa na njia ya kumchagulia mtoto aliyekaa dawati la pili.

Linabaki swali ambalo wazee wa pande zote waliliuliza: je, zilisaidia? Wizara ya Elimu ya Uingereza ilitoa takwimu zake mwezi Januari 2022, siku chache baada ya kuwa imekwisha kuzirejesha barakoa darasani. Katika skuli 123 zilizotumia barakoa mwezi Oktoba 2021, wanafunzi waliokosa masomo kwa UVIKO-19 walipungua kutoka asilimia 5.3 hadi 3.0. Katika skuli za kufanana nazo zisizotumia, walipungua kutoka 5.3 hadi 3.6. Tofauti ipo, lakini ni ndogo, na Wizara yenyewe ilikiri kwamba huenda ikawa ya bahati tu.

Ushahidi wenye uzito zaidi ulitoka Massachusetts. Jimbo hilo liliondoa amri ya barakoa skulini tarehe 28 Februari 2022. Wilaya nyingi zikaziacha, ila Boston na Chelsea ziliendelea nazo hadi mwezi Juni. Watafiti waliofuatilia kwa wiki 15 waliandika mwezi Novemba 2022 kwamba katika wilaya zilizoziacha kulikuwa na wagonjwa 44.9 zaidi kwa kila wanafunzi na watumishi 1,000. Wapinzani wa utafiti huo walisema wilaya hizo zilitofautiana na Boston kwa mambo mengine pia, na hilo ni kweli. Watafiti nao walieleza kwamba tofauti hizo ni sehemu ya habari yenyewe: Boston na Chelsea zina majengo ya skuli makongwe zaidi, madarasa yenye msongamano zaidi na familia nyingi za kipato cha chini. Wazee wa huko, ambao watoto wao walikaa katika vyumba vyenye hewa mbaya kuliko vya wengine, ndio ambao wilaya zao zilichagua kuendelea na barakoa.