Tawi Kavu Linalobeba Jina la Mti Mzima

Ndani ya kabati la chuma, katika jalada lenye ukingo mwekundu, imelazwa karatasi nene yenye ukubwa wa takriban sentimita 42 kwa 28. Juu yake limeshonewa tawi lililokaushwa. Majani yamegeuka rangi ya kahawia, na maua mawili matatu yamebanwa hadi yakawa bapa. Pembeni kuna kibahasha cha vipande vilivyodondoka, na chini pamebandikwa lebo. Wataalamu wa mimea hukiita kitu hiki holotaipu, nacho ndicho kinachoamua jina fulani la kisayansi ni la mmea gani. Vitabu hukosea, picha hudanganya, na mabingwa wawili wanaweza kubishana miaka nenda miaka rudi. Ubishi ukiwashinda, kabati hufunguliwa na tawi likatazamwa upya.

Wengi hudhani spishi mpya huzaliwa siku mtaalamu anapoingia msituni, akauona mmea asioujua na kushangaa. Sivyo. Kuna kanuni za kimataifa za majina ya mimea, zinazohesabu majina kuanzia kitabu alichochapisha mtaalamu wa mimea Linnaeus mwaka 1753, na kwa kanuni hizo spishi hupata jina siku maelezo yake yanapochapishwa. Tangu mwaka 1958 ni lazima mwandishi ataje kielelezo anachokitegemea, na siku hizi lazima aseme pia kimehifadhiwa wapi. Kuanzia 1935 hadi mwisho wa 2011, maelezo yasiyo na Kilatini hayakukubalika kabisa. Tangu Januari 2012, Kiingereza nacho kinaruhusiwa. Kwa hiyo kijiji kizima kinaweza kuujua mti, kikauita kwa jina lake na kujua kuni zake zinawakaje, na bado sayansi ikawa haina habari nao.

Mfano mzuri uko Udzungwa. Mwaka 2019 mtaalamu wa mimea Andrea Bianchi alikuwa akipima misitu ya milima hiyo pamoja na Aloyce Mwakisoma na Ruben Mwakisoma, Watanzania wanaoijua miti ya huko kwa kuiona tu. Katika misitu ya hifadhi ya vijiji vya Boza na Uluti wakakuta mti wa jamii ya mikunde ambao hawakuweza kuuweka popote. Haukuwa mche uliojificha kwenye majani. Ni mti unaofikia mita 40, na kwa kawaida shina lake hupanda kama mita 20 kabla ya kutoa tawi la kwanza. Watafiti walipotazama pete za mti mmoja uliokufa, walizikuta zimebanana mno, dalili ya ukuaji wa polepole sana, wakakadiria kwamba miti mikubwa zaidi huenda imeishi hadi miaka 3,000. Maelezo yalichapishwa mwaka 2025 na mti ukaitwa *Tessmannia princeps*. Uliobaki ni kama miti mikubwa 1,000 tu.

Mti mkubwa hivyo ulikosekanaje vitabuni muda wote huo? Jibu liko juu, mita 20 na zaidi kutoka ardhini. Shina peke yake halitoshi kuandikia maelezo. Jamii za mimea hutofautishwa zaidi kwa maua na matunda: petali ni ngapi, stameni zimeungana au zimeachana, kikonyo kina urefu gani, tunda hupasuka upande upi. Tawi lenye majani matupu, hata likiwa zuri vipi, mara nyingi huishia kwenye rundo la yasiyotambuliwa. Ukifika mwezi usio wa maua, umefika bure. Na hata ukifika mwezi wenyewe, mtu sharti apande, au atafute tawi lililoangushwa na upepo.

Milima ya Udzungwa ni sehemu ya Tao la Mashariki, mlolongo unaoanzia Taita nchini Kenya ukapita Pare, Usambara, Nguru na Uluguru hadi Udzungwa. Upepo kutoka Bahari ya Hindi hugonga miteremko yake, unyevu ukapanda na kupoa, na mawingu yakatua katikati ya miti. Hata siku isiyo na mvua majani hudondosha maji. Misitu hii imedumu mamilioni ya miaka wakati nyanda zilizoizunguka zilipokauka, kila mlima ukabaki peke yake na viumbe vyake. Ndiyo maana mmea unaopatikana kwenye bonde moja la Usambara unaweza usiwepo popote pengine duniani.

Unyevu huohuo unaoulea mmea ndio adui wa kielelezo. Tawi likikatwa hulazwa ndani ya gazeti siku hiyohiyo. Jani moja sharti ligeuzwe mgongo juu, kwa sababu vinyweleo vya upande wa chini vinaweza kuwa ndiyo tofauti yote kati ya spishi hii na jirani yake. Gazeti huwekwa kati ya vipande vya katoni yenye mawimbi, hewa ipate pa kupita, kisha rundo zima hubanwa kati ya fremu mbili za mbao na kufungwa kwa mikanda hadi ikaze. Kambini presi hiyo huwekwa juu ya jiko dogo la mafuta ya taa ili joto lipande taratibu. Moto ukizidi, majani huungua. Ukipungua, asubuhi utakuta ukungu umeota na maua yamekuwa meusi. Vipande vichache vya jani huwekwa kwenye jeli ya silika inayofyonza maji, kwa ajili ya vinasaba, na maua mengine hutiwa kwenye spiriti yasipoteze umbo.

Halafu kuna daftari, ambalo mimi naliona muhimu sawa na tawi lenyewe. Rangi ya ua hufifia ikikauka, harufu hutoweka, na urefu wa mti haubanwi kwenye presi. Hivyo mkusanyaji huandika palepale: mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, gome likichanjwa linatoa utomvu wa rangi gani, ua lina harufu au halina. Kila kielelezo hupewa namba ya mkusanyaji, na namba hiyo hulifuata tawi maisha yake yote. Lebo isiyo na mahali wala tarehe hulifanya tawi zuri kuwa karibu na takataka.

Mkusanyo hugawanywa inapowezekana. Tawi moja huwa holotaipu, na mengine ya mkusanyo uleule hupelekwa kwenye herbariamu nyingine, yaani hifadhi za mimea iliyokaushwa. Sababu ya kufanya hivyo ilionekana wazi usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943, mabomu yalipoangukia herbariamu ya Berlin. Mamilioni ya vielelezo yaliteketea. Miongoni mwake yalikuwamo matawi ya Usambara yaliyokusanywa na Carl Holst mwanzoni mwa miaka ya 1890, ambayo mtaalamu wa mimea Adolf Engler na wenzake waliyatumia kuelezea mimea ya nchi yetu. Kwa spishi nyingi, nakala zilizokuwa zimetumwa kwingine ndizo zilizochaguliwa kuchukua nafasi ya tawi lililoungua. Pale ambapo nakala haikuwapo, wataalamu walibaki na maandishi matupu, wakabuni njia ya kuteua kielelezo kipya.

Jina nalo linaweza kuhama, tawi likabaki palepale. Urujuani wa Usambara, ua linalopandwa madirishani duniani kote, lilielezwa mwaka 1893 na Hermann Wendland wa Hannover kwa jina la *Saintpaulia ionantha*, kwa heshima ya Walter von Saint Paul-Illaire, mkuu wa wilaya ya Tanga enzi za Wajerumani, ambaye ndiye aliyepeleka mbegu Ulaya. Uchunguzi wa vinasaba ulionyesha kwamba jenasi hiyo imo ndani ya nyingine, na mwaka 2015 jenasi nzima ikaingizwa ndani ya *Streptocarpus*. Ofisa alipata jenasi nzima. Kama kuna mwenyeji aliyemwonyesha ua hilo mwambani, jina lake halikupewa mmea.

Hapo pamebadilika, na mimi nafurahi. Mwaka 2019 ulielezwa mti wa Usambara wa jamii ya mtopetope, ukaitwa *Mischogyne iddii* kwa heshima ya Iddi Rajabu, mtaalamu wa mimea wa Amani, kwenye milima hiyohiyo. Frank Mbago wa herbariamu ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam naye ana wake, *Uvariodendron mbagoi*. Kila aliyewahi kutembea msituni na watu wa aina hii anajua kwa nini. Mgeni huja na darubini na maktaba. Mwenyeji ndiye anayesimama ghafla njiani na kusema mti huu si wale tuliouona jana. Bila jicho hilo hakuna cha kupeleka kwenye presi. Vilevile naamini holotaipu ya mmea wa Tanzania inapaswa kukaa kwenye herbariamu ya Arusha au ya Dar es Salaam, nakala ndiyo isafiri. Herbariamu ya Afrika Mashariki yenyewe ilianzishwa Amani mwaka 1902, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950, kwa hiyo Mtanzania anayetaka kuona vielelezo vya zamani vya nyumbani kwake huvuka mpaka. Herbariamu kubwa zimepiga picha holotaipu zao na kuziweka kwenye intaneti. Hilo limesaidia sana, ingawa picha haikuruhusu kulainisha ua kwa maji ya moto na kulifungua chini ya darubini.

Na kazi bado ni kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba ni asilimia 16 tu ya spishi mpya zilizoelezwa ndani ya miaka mitano tangu zikusanywe, na karibu robo zilitegemea vielelezo vilivyozidi miaka 50. Zilikuwa kabatini muda wote huo. Kuchelewa huku kuna gharama, kwa kuwa ni vigumu kuingiza kwenye Orodha Nyekundu ya IUCN, ya spishi zilizo hatarini, mti usio na jina, na anayeandika ripoti ya bwawa au barabara hatahesabu asichokiona kwenye orodha.

Flora ya Afrika Mashariki, mfululizo wa vitabu ulioanza kutoka mwaka 1952 na kukamilika 2012, ina spishi 12,104. Ukiipekua utakuta sehemu kadhaa ambapo baada ya jenasi hakuna jina, bali herufi tu: spishi A, spishi B. Kila moja ni tawi lililofika bila ua, au bila tunda, au likiwa peke yake mno kiasi kwamba mwandishi hakuthubutu kulipa jina. Zinachohitaji ni mtu wa kurudi kwenye mteremko uleule miti ikiwa na maua, akiwa na presi, daftari na mwenyeji anayeijua njia.